Kabla ya Kwenda Yunnan Kula Uyoga wa Porini

Anza na mwezi, hata kabla ya kuuliza nauli. Yunnan ni jimbo la kusini magharibi mwa China, linapakana na Myanmar, Laos na Vietnam, na uyoga wake wa porini unafuata mvua. Soko linajaa hasa Julai na Agosti. Ukifika Aprili utauziwa uliokaushwa au wa kulimwa, wakati ulichokifuata ni harufu ya msitu uliolowa. Kwa hiyo koti la mvua na viatu visivyoteleza viingie begini mapema, maana huwezi kutaka uyoga ukakataa matope yake.

Makaratasi nitayapitia haraka. Mtanzania na Mkenya wote wanahitaji viza. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano na bima ya safari inayolipia hospitali. Malipo hufanyika kwa simu, hata kwa mama anayeuza uyoga chini, kwa hiyo sakinisha Alipay au WeChat na uunganishe kadi yako ukiwa bado nyumbani. Google na WhatsApp zimefungwa huko. Wape watu wako njia nyingine ya kukupata, na upakue tafsiri ya Kichina inayofanya kazi bila intaneti.

Ratiba yenyewe ipange kwa kupanda taratibu. Kunming, makao makuu ya jimbo, iko kama mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Lijiang ni kama mita 2,400, na Shangri-La inapita 3,200. Aliyezoea Dar es Salaam au Mombasa akikimbilia Shangri-La siku ya kwanza atashika kichwa badala ya kijiko. Treni imerahisisha mambo: unatoka Kunming, unapita Nanhua, wilaya inayojulikana China nzima kwa uyoga wa porini, unafika Dali, kisha Lijiang, na tangu Novemba 2023 reli imefika Shangri-La. Lala Lijiang usiku mbili kabla ya kuendelea.

Urefu huo una jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Maji ya Kunming huchemka kwenye nyuzi kama 94, na ya Shangri-La kwenye nyuzi kama 89. Sufuria inatokota mbele yako, lakini joto lake ni dogo kuliko la sufuria ya pwani. Kwa chakula kingine hilo lingekuwa suala la kusubiri tu. Kwa uyoga wa Yunnan ni suala la usalama, kwa sababu baadhi ya ule unaopendwa zaidi una sumu ukiwa haujaiva.

Mfano mkuu ni jianshouqing. Jina lenyewe linaeleza tabia yake: ukiugusa kwa mkono au kuukata, nyama yake ya njano inageuka bluu papo hapo. Wenyeji huukata vipande vyembamba, wakaukaanga kwenye karai lenye mafuta mengi, vitunguu saumu na pilipili kavu, mpaka uwe laini kabisa. Ukiiva ni mtamu kupita kiasi. Usipoiva, watu hutapika, na wengine huona maruweruwe ya vijitu vidogo vikicheza ukutani. Julai 2023 Janet Yellen, aliyekuwa waziri wa fedha wa Marekani, alikula jianshouqing kwenye mgahawa wa chakula cha Yunnan jijini Beijing, habari ikaenea dunia nzima. Hakudhurika, kwa kuwa jiko lilijua kazi yake.

Basi jiandae kutii jiko. Kunming tuliagiza supu ya uyoga inayopikiwa mezani. Mhudumu alimimina uyoga kwenye sufuria ya supu ya kuku, akaweka saa ya kuhesabu dakika 20 katikati ya meza, kisha akaondoka na vijiti vyetu vyote. Mvuke ulikuwa unatupiga usoni, matumbo yananguruma, na hatukuwa na cha kulia. Saa ilipolia, kabla hatujaonja, alichota supu kidogo akaitia kwenye kikopo, akaandika namba ya meza na kukihifadhi. Nilipouliza, nikaambiwa kwamba mteja akiugua, madaktari wawe na cha kupima. Mgahawa wa namna hiyo ndio wa kuutafuta. Ukikuta wanakuharakisha ule, nyanyuka.

Pombe iache kabisa kwenye mlo wa uyoga. Usichanganye aina nyingi kwa mkupuo mmoja, na usiamini imani kwamba kitunguu saumu kikibaki cheupe basi hakuna sumu. Ukitembezwa msituni, tazama, piga picha, lakini usichume ukajipikia. Kwa miaka mingi vijijini Yunnan watu wazima kwa vijana walikuwa wakifa ghafla msimu wa mvua bila sababu kujulikana. Mwaka 2010 wachunguzi wa China walihusisha vifo hivyo na uyoga mdogo mweupe ambao wachumaji waliubakiza kwa chakula chao kwa sababu haukuwa na soko. Hao walikuwa wenyeji, waliozaliwa kwenye misitu hiyo.

Mwenye mzio, au asiyekula nyama, aandikiwe karatasi kwa Kichina ya kuonyesha jikoni. Kwa Waislamu hili ni la lazima zaidi, kwa kuwa uyoga mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na nyama ya nguruwe iliyokaushwa ya Xuanwei inatiwa kwenye vyakula vingi. Neno la kukariri ni qingzhen, yaani halali; kwa maandishi ni 清真. Wahui, Waislamu wa China, wamekaa Yunnan kwa karne nyingi na migahawa yao ipo mijini. Zheng He, amiri wa merikebu zilizofika pwani yetu ya Afrika Mashariki karne ya 15, alikuwa mtoto wa familia ya Kiislamu kutoka Kunyang, kando ya ziwa Dian, kusini tu mwa Kunming. Nilifurahi kulijua hilo nikiwa na bakuli mkononi.

Kitu kimoja kitakufanya ujione kwenu. Ulizia jizong, uyoga unaoota juu ya makazi ya mchwa. Ni jamaa wa uyoga wa kichuguu tunaouokota baada ya mvua. Watu wa Yunnan hupika supu yake, au huukaanga polepole kwenye mafuta pamoja na pilipili mpaka ukauke, wakautia kwenye chupa na kuula na tambi. Hata wao hawajaweza kuulima kama uyoga wa kawaida, kwa sababu bila mchwa hauoti. Nunua chupa moja au mbili, lakini uliza kwanza masharti ya forodha ya nchi unayorudi.

Jambo la mwisho ni tarehe ya ndege. Sumu mbaya zaidi za uyoga, zile zinazoharibu ini, huchelewa kuonyesha dalili kwa saa 6 na zaidi, wakati mwingine hata siku nzima. Ukitapika au kuharisha muda mrefu baada ya mlo, piga 120, namba ya ambulensi nchini China, na ueleze ulichokula na wapi. Usiwe hewani saa hiyo. Mlo wako wa mwisho wa uyoga uwe siku mbili kabla ya kuondoka, na siku zinazobaki ule guoqiao mixian, tambi za mchele za Yunnan. Supu inakuja peke yake ikiwa ya moto sana chini ya utando wa mafuta, na vipande vya nyama, mboga na tambi unavitia mwenyewe mezani.