Kipandauso kikibisha hodi: hatua za kufanya kabla hujafika kwenye kidonge

Kazi yangu ni fiziotherapia, Dar es Salaam, na kipandauso nakijua kwa pande zote mbili. Nakiona kwa wateja, mafundi cherehani hasa na mawakala wa pesa za simu wanaoshinda wameinama, na nakijua kwa kichwa changu mwenyewe: upande wa kushoto, nyuma ya jicho, tangu niko sekondari.

Sikuandikii ili utupe dawa zako. Kama daktari amekuandikia, endelea nazo. Ila wengi wanaonijia wameshafika mahali ambapo dawa imegeuka kuwa tatizo. Ukimeza vidonge vya kawaida vya maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, au vile vya mchanganyiko wenye kafeini siku 10 au zaidi, na hali hiyo ikapita miezi mitatu, dawa yenyewe inaweza kuanza kukuumiza kichwa. Unameza, kinatulia, kinarudi, unameza tena. Hapo ndipo hatua hizi zinapokuwa na kazi kubwa.

Kwanza, hakikisha ni chenyewe

Kipandauso hudunda, mara nyingi upande mmoja, na huzidi ukipanda ngazi au ukiinama kuokota kitu. Huja na kichefuchefu, mwanga unachoma, kelele za jirani zinakuwa kama nyundo. Kisipotibiwa hukaa kati ya saa 4 na saa 72. Wengine kabla ya maumivu huona vimulimuli au mistari ya msumeno inayotanuka taratibu, kwa dakika 5 hadi 60.

Acha kusoma, nenda hospitali sasa hivi, kama kichwa kimelipuka ghafla ndani ya dakika moja kuliko ulivyowahi kuumwa. Kama kuna shingo ngumu, degedege, kuchanganyikiwa, mdomo kupinda au mkono kuishiwa nguvu. Kama umeanguka au kugonga kichwa. Kama una mimba iliyopita wiki 20, au umejifungua juzijuzi. Kama kinga yako ya mwili iko chini. Au kama umevuka miaka 50 na kichwa cha namna hii ni kigeni kwako. Kichwa na homa, kwetu huku, ni kupima malaria kwanza. Maji ya tangawizi yatasubiri.

Hatua ya 1: Kikamate kikiwa mlangoni

Hii ndiyo hatua inayoamua nyingine zote. Mara nyingi kipandauso hakianzi na maumivu. Saa kadhaa kabla, pengine siku nzima, mwili hutoa ishara: miayo isiyo ya usingizi, hasira za bure, hamu kali ya vitu vitamu, kwenda haja ndogo mara kwa mara, shingo kukaza. Mimi ni miayo. Nikipiga ya tatu saa nne asubuhi, najua mchana hautakuwa wangu.

Watu wengi huzisoma ishara hizi kinyume. Mtu anakwambia, "Chokoleti ya jana ndiyo iliyoniponza." Huenda hamu ya chokoleti ilikuwa mwanzo wa shambulio lenyewe. Na shingo ni hivyohivyo. Kila wiki nasikia, "Nililala vibaya, shingo ikakaza, ndipo kichwa kikaanza." Mishipa ya fahamu ya sehemu ya juu ya shingo hukutana na ule mkubwa wa uso kwenye shina la ubongo, kwa hiyo shambulio likianza, shingo huuma pamoja na kichwa. Si lazima mto uwe na kosa.

Ishara zako andika mbili au tatu, umwonyeshe unayeishi naye. Mara nyingi mwenzako anaziona kabla yako.

Hatua ya 2: Maji na chakula, mapema

Shambulio likishika kasi, tumbo hufanya kazi polepole na chakula hakikai. Kwa hiyo kula sasa: ndizi mbivu, uji, mkate mkavu. Kunywa glasi mbili za maji kwa mafunda madogo, si kwa kugida. Kama kichefuchefu kimeshaanza, ponda tangawizi mbichi ukubwa wa kidole gumba, mimina maji ya moto, acha dakika 10, unywe ikiwa vuguvugu.

Kahawa? Kikombe kimoja kidogo cha kijiweni, mwanzoni kabisa, huwasaidia baadhi ya watu. Lakini mnywaji wa vikombe vinne kwa siku asitegemee muujiza, na asiyelala vizuri asinywe baada ya saa nane mchana.

Hatua ya 3: Baridi

Nikiambiwa nibaki na njia moja tu, nitabaki na hii. Chukua barafu, zile za mfuko zinazouzwa dukani zinatosha, ziponde, uzifunge kwenye taulo nyembamba au khanga iliyokunjwa mara mbili. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja.

Weka nyuma ya shingo, pale fuvu linapokutana na shingo, au pembeni mwa shingo mahali unapohisi mapigo. Pembeni usikandamize, iache ilale tu kwa uzito wake. Kipande kingine weka kwenye paji. Dakika 10 hadi 15, kisha ondoa, pumzika dakika 20, rudia ukihitaji. Ukiweza, miguu iwe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Wateja wangu hucheka nikiwaambia hivyo, halafu wiki inayofuata wananiambia wamenunua beseni.

Mwenye selimundu asifanye hatua hii, baridi inaweza kumwamshia maumivu mengine makubwa zaidi. Mwenye ganzi kutokana na kisukari naye awe mwangalifu. Na kuna watu baridi huwaongezea maumivu. Hao watumie kitambaa cha moto kwenye mabega.

Hatua ya 4: Giza, ukimya, na pua

Kila mtu anajua giza. Tatizo ni kulipata, hasa ukiishi chumba kimoja na watoto watatu na baa ipo upande wa pili wa ukuta. Kunja khanga nyeusi iwe pana, funga machoni bila kukaza. Pamba masikioni. Simu iwe mbali, si kifudifudi kando ya mto ambako utaigeuza kila ikitetemeka.

Pua husahaulika. Udi, marashi, moshi wa mkaa, samaki wanaokaangwa: harufu ambayo jana uliipenda leo inakutapisha. Omba jiko lihamishwe nje kwa saa moja. Watu wa nyumbani huona ni deko, mpaka waelezwe.

Kosa moja: kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba kila siku, hata siku usiyoumwa. Macho huzoea giza na mwanga wa kawaida unazidi kukuudhi.

Hatua ya 5: Pumzi, kisha shingo, kwa mkono mwepesi

Lala chali, mto chini ya magoti. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, toa taratibu ukihesabu hadi 6. Fanya dakika 10. Usivute kwa nguvu, utapata kizunguzungu. Legeza taya, meno ya juu na ya chini yasigusane. Wengi hugundua hapo kwamba wameyauma tangu asubuhi.

Sasa shingo. Tia mipira miwili ya tenisi kwenye soksi, funga fundo, ilaze chini ya ukingo wa fuvu, mpira mmoja kila upande wa uti. Acha kichwa kizame kwa dakika 3 hadi 5. Usisugue. Ukihisi mdundo unaongezeka, toa, rudi kwenye barafu. Unaweza pia kubana taratibu nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada kwa dakika mbili kila mkono. Mjamzito aruke hilo.

Na hapa naomba unisikilize: usimruhusu kinyozi akuzungushe shingo mpaka ilie "ka!" Najua masaji ya baada ya kunyoa ni tamu. Mzunguko wa ghafla unaweza kuchana mshipa wa damu shingoni, na mchaniko huo unaweza kuleta kiharusi. Mwambie aishie kwenye mabega.

Hatua ya 6: Usingizi na siku ya pili

Ukipata usingizi, lala. Ukiamka maumivu yamekwisha, bado utajiona kama mtu aliyekesha msibani: mzito, akili haishiki. Hiyo ni sehemu ya shambulio. Usikimbilie kufua nguo za wiki nzima ili kufidia jana.

Hatua ya 7: Daftari

Hili ndilo watu hawalipendi, na ndilo linalopunguza mashambulio yajayo. Daftari la kawaida la shule linatosha, kwa miezi miwili. Kila siku ya kichwa andika: saa kilipoanza, ulilala saa ngapi, ulikula saa ngapi, hedhi iko wapi, vidonge vingapi, na jambo lolote lisilo la kawaida.

Usitafute mchawi mmoja. Ubongo wa mwenye kipandauso hauvumilii mabadiliko, na vichochezi hupandana. Nilikuwa na mama mmoja ambaye kichwa chake kilikuja Jumapili tu. Akadhani ni spika za kanisani. Daftari lilionyesha vingine: Jumapili alilala hadi saa tatu, chai ya asubuhi ikachelewa, akasukwa Jumamosi rasta za kukaza, kisha jua la saa saba. Hakuacha kanisa. Alianza kuamka saa ileile ya siku zote na kumwambia msusi alegeze.

Kwa wanawake, tazama siku mbili kabla ya hedhi hadi siku ya tatu ya damu. Na kama huona vimulimuli kabla ya kichwa, mwambie mtoa huduma kabla ya kuchagua vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, kwa sababu vinaongeza hatari ya kiharusi kwako.

Kwa wafungaji, siku za mwanzo za Ramadhani ndizo ngumu, na kafeini ina mchango wake. Anza kupunguza kahawa na chai wiki mbili kabla, kikombe kimojakimoja. Daku usiliruke, na ulile karibu na mwisho wake.

Mazoezi hayafanywi siku ya shambulio. Ni ya siku nzuri. Utafiti wa Uswidi uliochapishwa 2011 uliweka makundi matatu: dakika 40 za mazoezi mara 3 kwa wiki, mafunzo ya kulegeza mwili, na dawa ya kinga, yaani ya kuzuia mashambulio yasije, iitwayo topiramati. Yote matatu yalipunguza mashambulio, bila tofauti ya wazi kati yao. Kutembea haraka kunatosha. Anza na dakika 15, kabla jua halijawa kali.

Daftari likionyesha siku nne au zaidi za kichwa kwa mwezi, au vidonge vinaongezeka, lipeleke kwa daktari jinsi lilivyo, na madoa ya chai. Muulize kuhusu matibabu ya kinga.