Andaa Ardhi ya Stoo Kabla ya Kununua Mabati

Paa likivuja utajua siku hiyohiyo: tone linaanguka, unapanda, unaziba. Unyevu unaopanda kutoka ardhini haukupi taarifa. Unaingia polepole kwenye gunia la mahindi la chini kabisa, na siku unapolivuta unakuta pembe zake zimekuwa nyeusi, ukitia mkono ndani unahisi joto, na punje zimeshikana kwa ukungu. Baadhi ya ukungu huo hutoa sumukuvu, yaani aflatoksini, na sumukuvu haitoki kwa kupepeta wala haiishi kwa kupika posho (ugali).

Ndiyo maana namsihi kila mkulima wa Masindi, Kigumba au Bweyale, hapa Uganda, anayepanga kujenga stoo nyuma ya nyumba: pesa na nguvu za kwanza ziende ardhini, mabati yatafuata. Soko nalo halina huruma. Machi 2021 Kenya ilisimamisha kwa muda mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu hiyohiyo ya sumukuvu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu kwa jumla isizidi sehemu 10 katika bilioni. Unaweza kuyaanika vizuri kwenye turubai mpaka yakafika hapo, kisha sakafu mbovu ikayalowesha upya.

Mahali pa stoo pachaguliwe mvua ikinyesha. Toka nje uangalie maji ya paa la nyumba yanakimbilia wapi, yanapita wapi yakitoka kwa jirani, na yanatuama wapi wakati kwingine kumeshakauka. Kiangazi nacho kina lake la kusema: palipobaki na majani mabichi Januari, wakati ua wote umekauka, chini yake kuna maji. Hapo panda migomba. Stoo itafutie mwinuko mdogo ambao maji yanaukimbia kila upande, mbali na choo, zizi na miti mikubwa, maana mizizi hupasua msingi na matawi huwa daraja la panya.

Kisha chimba shimo la nusu mita, ulijaze maji jioni. Asubuhi ukikuta maji bado yamo, ardhi hiyo haipitishi maji, na sakafu yako itabidi iinuliwe zaidi. Chukua na donge la udongo wa chini, lilowanishe, ulisokote kati ya viganja. Likikubali kuwa kamba ndefu nyembamba bila kukatika, huo ni mfinyanzi mzito. Mbaya kuliko wote ni ule udongo mweusi wa tambarare za Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi mpaka mkono unaingia kwenye ufa. Ukiwa tabaka jembamba, uchimbue wote mpaka ufike ardhi ngumu. Ukiwa wa kina kirefu, achana na sakafu ya saruji ujenge stoo ya mbao juu ya nguzo, sakafu yake ikiwa angalau sentimita 75 kutoka ardhini, kila nguzo ikiwa na kofia ya bati ya kuzuia panya.

Wenzetu wa miteremko mikali wana tahadhari yao. Msikate ukingo mrefu wa udongo ili kupata kiwanja tambarare. Bududa, kwenye Mlima Elgon, Machi 2010, mlima uliteremka ukafukia kijiji cha Nametsi, na kila ukingo unaokatwa bila kushikiliwa huupunguzia mlima nguvu ya kusimama. Jengeni stoo nyembamba inayofuata ubavu wa mlima, na mtaro wa maji upite upande wa juu.

Sasa mchwa. Kichuguu kikiwa karibu na kiwanja, wengi hukisawazisha kwa jembe, wakamwaga moramu (udongo mwekundu wenye changarawe) juu na kuendelea na kazi. Malkia amebaki chini, mzima, mnene kama kidole gumba, akitaga. Baada ya mvua chache utaona njia za udongo zikipanda ukutani kuelekea kwenye magunia na mbao za paa. Kichuguu kikishaamuliwa kuondolewa, kichimbwe mpaka chumba cha malkia kipatikane, na mashimo yote yajazwe udongo na kushindiliwa, la sivyo sakafu itatitia hapo. Lakini uliza kwanza: kwa familia nyingi kichuguu ni mali, kumbikumbi wake wanaliwa na kuuzwa, na mara nyingi kina mwenyewe anayejulikana. Kusogeza stoo ni rahisi kuliko ugomvi. Visiki na mizizi ving'olewe vyote, kwa sababu mbao inayooza chini ya sakafu ni chakula cha mchwa. Oili chafu ya gari ambayo watu humwaga msingini mimi siikubali kwenye nyumba ya chakula. Harufu yake inaingia kwenye magunia.

Kupima hakuna ugumu. Piga vigingi, funga kamba, na pembe uzihakikishe kwa mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mita 5 kati ya ncha hizo mbili.

Ndani ya kamba, ondoa udongo wote wa juu wenye mizizi na majani, sentimita 15 hadi 20, uupeleke bustanini. Hautakiwi chini ya sakafu, kwa kuwa unaoza na kubonyea. Jaza moramu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ilowanishwe kiasi cha donge kushikana mkononi bila kutoa maji, kisha ishindiliwe kwa gogo zito lenye mpini mpaka kisigino kisiache alama. Hapa ndipo vijana wa kibarua huchoka na kumwaga tabaka mbili kwa mpigo. Simama nao. Udongo uliomwagwa kwa kina huwa mgumu juu tu, ndani ni laini, na ufa wake utauona magunia yakishapangwa.

Ukiweza, fanya kazi hii Desemba au Januari, ardhi iliyojazwa ionje mvua za Machi kabla ya kuwekewa sakafu. Patakapobonyea, ongeza moramu na ushindilie tena. Mavuno ya Julai yatakuta stoo iliyotulia.

Lengo ni sakafu iliyo juu ya ardhi ya nje kwa sentimita 30 hivi. Juu ya moramu panga mawe sentimita 15, ziba mapengo kwa changarawe, mwaga mchanga sentimita 5 ili ncha za mawe zisitoboe, kisha tandika nailoni nzito, vipande vikipishana sentimita 30. Usiiruke nailoni hata kidogo, maana zege peke yake hufyonza maji. Zege la sentimita 10, saruji moja kwa mchanga mbili na kokoto nne, linyweshewe maji siku 7 angalau. Asiye na fedha ya zege ashindilie udongo vizuri, atandike nailoni, na magunia yakae juu ya vichanja vya mbao, yasiguse ukuta.

Nje, ardhi ishuke sentimita 5 kwa kila mita kutoka ukutani, na mtaro uchukue maji ya paa uyapeleke mbali, yasiishie kwa jirani.

Kabla ya gunia la kwanza kuingia, laza kipande cha nailoni angavu sakafuni jioni na kukandamiza kingo zake kwa mchanga. Kesho yake jioni kifunue. Ukikuta matone upande wa chini, au sakafu imegeuka rangi, bado haijakauka: fungua milango, subiri wiki mbili, upime tena. Matone yakirudi baada ya hapo, maji yanapanda kutoka chini, na kila gunia litalala juu ya kichanja, hata kama sakafu ni ya saruji.