Somo: Neno "myriad", maana yake na namna ya kulitumia

Wanafunzi wangu wengi wanalielewa neno hili wakilisoma, lakini wakifika kwenye kuandika wanalikwepa. Leo tulimalize. "Myriad" ni neno la Kiingereza lenye maana ya wingi usiohesabika, na kwa Kiswahili ndugu yake wa karibu kabisa ni "lukuki".

Hatua ya 1: Litamke. Sema MI-ri-ad, mkazo uwe mwanzoni. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana ulimi hukimbilia mi-RI-ad. Lirudie kwa sauti mpaka lizoeleke.

Hatua ya 2: Jua lilikotoka. Kwa Wagiriki wa kale neno hili lilikuwa idadi kamili, elfu kumi, na hesabu yao haikuwa na jina la namba kubwa kuliko hiyo. Archimedes, mwanahisabati wao, alipotaka kukadiria chembe za mchanga zinazoweza kuujaza ulimwengu, alianzia hapo hapo: elfu kumi mara elfu kumi, yaani 100,000,000, kisha akaendelea kupanda. Neno lilipoingia kwenye Kiingereza katika karne ya 16, taratibu ile idadi ikafifia, ukabaki wingi. Si jambo geni kwetu. Mama akisema "nimekuita mara mia", hakuna anayemdai hesabu.

Hatua ya 3: Chagua njia moja kati ya mbili. Hapa ndipo penye kazi.

Njia ya kwanza ni kivumishi. Neno linakaa mbele ya nomino, bila "a", bila "of": "Farmers face myriad problems." Wakulima wanakabiliwa na matatizo lukuki.

Njia ya pili ni nomino. Hapo linataka "a" mbele na "of" nyuma: "They face a myriad of problems." Au liweke katika wingi: "Myriads of flamingos breed at Lake Natron."

Utakutana na watu wanaosema "a myriad of" ni kosa. Usiwasikilize. Katika Kiingereza, "myriad" ilitumika kama nomino kwa zaidi ya miaka mia moja kabla haijawa kivumishi. Mimi binafsi napenda kivumishi kwa sababu ni kifupi, lakini hayo ni mapenzi tu, si sarufi.

Hatua ya 4: Kagua nomino inayofuata. Iwe ya kuhesabika, na iwe katika wingi. "Myriad water" na "myriad information" hazipo.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Niliandika "There are myriad of reasons" nikakatwa alama. Kosa liko wapi?

Jibu: Marahaba. Umechanganya njia mbili. Ama uondoe "of", uandike "There are myriad reasons", ama uongeze "a", iwe "There are a myriad of reasons".

Swali: Kitenzi kiwe cha umoja au wingi? "A myriad of stars is" au "are"?

Jibu: "Are". Kitenzi kinazifuata nyota.

Swali: Nikiliweka kwenye barua ya kuomba kazi, "I have myriad skills", nitaonekana najua Kiingereza?

Jibu: Sentensi ni sahihi, ila haimwambii mwajiri kitu. Ukijua kuendesha trekta na kutunza hesabu za duka, taja hayo mawili.

Swali: Kwenye biolojia kuna kundi linaitwa Myriapoda. Ndilo neno lile lile?

Jibu: Ndilo, na umefanya vizuri kuliona. Jina hilo linawajumuisha jongoo na tandu, na maana yake ni wenye miguu elfu kumi. Lakini usilichukulie kihesabu. Jongoo aliyetangazwa na wanasayansi mwaka 2021 kutoka chini ya ardhi ya Australia, ambaye ndiye aliyeonekana na miguu mingi kuliko wote, alikuwa na miguu 1,306.