Kumpima konokono wa kichocho bila kudanganyika

Vijana wanaoanza utafiti wa kichocho hapa Mwanza huwa nawaanzisha kwa konokono, mgonjwa baadaye. Mtu unaweza kumtibu kwa praziquantel, lakini akirudi kufua ziwani anaambukizwa upya na vimelea wanaotoka kwa konokono.

Vaa mabuti marefu ya mpira na glavu ndefu. Serkaria, yaani hao vimelea wachanga waogeleao majini, hupenya ngozi isiyo hata na mchubuko. Jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha waulize kina mama wanafulia wapi na watoto wanaogelea wapi. Hapo ndipo pa kuchota, si pale gari linapofika kwa urahisi. Achote mtu yuleyule, kwa chujio lilelile na dakika zilezile, la sivyo huwezi kulinganisha mwalo na mwalo.

Kwa kichocho cha tumbo unamtafuta Biomphalaria, bapa kama kamba iliyoviringishwa. Bulinus, wa kichocho cha mkojo, ana ncha. Mshike ncha ikiwa juu na mlango wa gamba ukikuelekea, utauona upande wa kushoto. Wasafirishe kwenye chombo chenye matundu na majani mabichi, wasife kwa joto.

Maabara, kila mmoja apate kikopo chake cha kioo na maji yasiyo na klorini. Walaze gizani, asubuhi uwawekee taa kwa muda wa saa mbili hivi. Tandika kitambaa cheusi chini ya kikopo: serkaria wakitoka utaona vidoa vyeupe vikipanda na kuzama, vikipanda tena. Kwenye darubini, mkia umegawanyika mara mbili mwishoni. Ukiona na vidoa viwili vya macho, hao si wa kichocho cha watu. Wengi wao ni wa ndege. Hata wasio na macho usiwahukumu kwa darubini peke yake, kwa sababu Schistosoma rodhaini, kimelea wa panya, hutumia Biomphalaria huyohuyo. Hifadhi wachache kwenye ethanoli kwa kipimo cha DNA.

Konokono asiyetoa kitu leo, tafadhali usimtupe. Tangu aambukizwe hadi aanze kutoa serkaria hupita wiki nne hadi sita hivi. Mlishe letusi, mpime tena kila wiki, na uandike tarehe ya kila kipimo mbele ya namba yake. Nimewahi kuona mwalo ukiitwa salama kwa kipimo cha siku moja, na watoto wakaendelea kuoga palepale. Iliniuma sana.

Maji ya vikopo yamwagie maji yanayochemka kabla ya kuyatupa.