Somo: Kupandikiza gegedu katika kifundo cha mguu, hatua kwa hatua

Mtu huteguka kifundo cha mguu uwanjani au kwenye ngazi, akachuliwa, uvimbe ukapungua, akarudi kazini. Kisha miezi minane baadaye bado anasikia maumivu ndani kabisa ya kiungo, ambayo huongezeka akitembea mwendo mrefu na kutulia akipumzika. Kwa baadhi ya watu hao kano zilikwishapona zamani, na kilichobaki ni shimo dogo kwenye gegedu (ule utando mgumu na laini unaofunika ncha za mifupa kiungoni) la talasi, yaani ule mfupa uliokaa chini ya muundi na juu ya kisigino. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na wagonjwa hawa huletwa kwangu baada ya upasuaji. Wengi wao hutaka kukanyaga mapema kwa sababu hawakuelezwa kilichofanyika ndani ya mguu, na hao ndio ninaowaandikia somo hili.

Gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Chembe zake hulishwa na majimaji ya kiungo, kwa hiyo likikatika halipati damu ya kuanzisha uponyaji kama ngozi au mfupa unavyopata. Daktari William Hunter alilieleza jambo hili huko London mwaka 1743, aliposema kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Maumivu ambayo mgonjwa huyasikia hutoka zaidi kwenye mfupa ulio chini ya gegedu, ambao sasa umebaki bila kinga, na majimaji ya kiungo huweza kusukumwa humo hadi yakatengeneza uvungu.

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha na kupima. Picha ya eksirei huanza, lakini jeraha dogo huweza kufichika kabisa humo, na ndiyo sababu daktari huagiza kipimo cha MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, ambacho huonyesha gegedu na mfupa uliovimba kwa ndani. Kipimo cha CT, yaani eksirei inayoonyesha mfupa tabaka kwa tabaka, huongezwa pale anapotaka kujua upana na kina cha uvungu. Tangu mwaka 1959, watafiti Berndt na Harty walipoyapanga majeraha haya katika ngazi nne, kuanzia mfupa uliobonyea hadi kipande kilichobanduka na kuhama, madaktari wameendelea kuutumia mpangilio huo au mingine iliyojengwa juu yake.

Hatua ya pili ni kuamua kama pandikizi linahitajika, maana si kila shimo hupandikizwa. Shimo dogo kwa kawaida husafishwa kwa kutumia kamera ndogo, kisha mfupa ulio chini hutobolewa matundu membamba ili damu na chembe za uboho zipande na kujenga kovu gumu mahali pa gegedu. Kovu hilo si gegedu halisi, lakini kwa shimo dogo mara nyingi hutosha. Kwa miaka mingi mpaka uliotumika ulikuwa milimita za mraba 150, na siku hizi wengi wameushusha hadi karibu 100. Pandikizi hufikiriwa pale shimo linapozidi mpaka huo, linapokuwa na uvungu mkubwa chini yake, au pale matundu yalipokwishajaribiwa na maumivu yakarudi. Halifai kwa kiungo kilicholika chote. Vilevile mguu uliopinda au kano zilizolegea lazima zirekebishwe kwanza au wakati uleule, kwa sababu pandikizi litakalokandamizwa upande mmoja kila siku litaharibika kama lile la asili lilivyoharibika.

Hatua ya tatu ni kulifikia shimo, na hapa ndipo upasuaji huu unapokuwa mzito kuliko watu wanavyodhani. Talasi imebanwa kama kigingi ndani ya tundu lake. Majeraha ya upande wa nje mara nyingi huwa mbele, hivyo daktari huweza kuyafikia kwa kukunjua mguu kuelekea chini. Yale ya upande wa ndani huelekea katikati na nyuma, na hayafikiwi kwa chombo kilichonyooka mpaka ile nundu ya mfupa iliyo upande wa ndani wa kifundo ikatwe na kufunuliwa kama mlango. Kabla ya kuikata, daktari hutoboa kwanza matundu ya skrubu, ili baadaye nundu irudi mahali pake barabara. Mgonjwa anapaswa kulijua hili mapema, kwani atakuwa na mfupa uliokatwa unaohitaji kuunga, mbali na pandikizi lenyewe.

Hatua ya nne ni kupandikiza. Njia ninayoieleza hapa iliendelezwa na daktari László Hangody wa Hungaria, ambaye alianza kuitumia kwa wagonjwa mwaka 1992. Kutoka goti la mgonjwa mwenyewe, kwenye ukingo usiobeba uzito mkubwa, daktari huchimbua kwa patasi ya bomba kipande cha mviringo chenye gegedu juu na mfupa chini, upana wake ukiwa kama milimita 6 hadi 10 na urefu wake kama 10 hadi 15. Kwenye talasi huchimbwa tundu linalolingana nacho, na kipande hugongwa taratibu kikakaa kwa kubana, bila gundi. Shimo likiwa pana, huwekwa vipande viwili au vitatu vikipakana. Ustadi wote uko katika usawa wa uso: kipande kikitokeza hata milimita moja hubeba shinikizo kubwa kupita kiasi, kikizama sana jirani zake huelemewa, na kikigongwa kwa nguvu chembe hai za gegedu hufa.

Sasa naomba msomaji azingatie jambo moja. Gegedu lililopandikizwa haliungani vizuri na gegedu la jirani. Kinachounga ni mfupa wa kipande na mfupa wa talasi, na gegedu hukaa juu ya mfupa huo kama paa juu ya nguzo. Ndiyo maana masharti yote ya hatua ya tano, yaani kupona na kurudi kutembea, hufuata mwendo wa mfupa kuunga.

Wiki mbili za kwanza mguu hukaa ndani ya plasta, ukiinuliwa juu ya mto, mpaka jeraha likauke na nyuzi zitolewe. Kuanzia hapo, daktari akiruhusu, kifundo huanza kukunjwa na kukunjuliwa polepole bila uzito, kwa kuwa mwendo ndio unaosukuma majimaji yanayolilisha gegedu. Kukanyaga husubiri hadi kama wiki ya 6, tena baada ya picha kuonyesha kwamba nundu iliyokatwa imeanza kuunga. Uzito huongezwa kidogo kidogo huku magongo yakipunguzwa. Mbio nyepesi huja baada ya miezi 4 hadi 6, na mpira wa miguu baadaye zaidi, kwa wengine hadi mwaka mzima. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, mgonjwa awahishwe hospitali bila kungoja, kwani huenda damu imeganda mshipani.

MASWALI YA WANACHAMA

Baba Neema: Shikamoo mwalimu. Kijana wangu ana miaka 19, aliteguka mwaka jana, na eksirei ilisomeka safi. Je, niamini kwamba hana jeraha hili?

Jibu: Marahaba. Eksirei safi haitoshi kuthibitisha kwamba jeraha hili halipo. Kama maumivu yako ndani ya kiungo na yamepita miezi mitatu, au kifundo kinakwama, mwombe daktari wa mifupa azungumzie kipimo cha MRI.

Mama Sada: Je, goti linalochukuliwa kipande halitaharibika?

Jibu: Hofu yako ni ya haki, dada yangu. Tundu la gotini hujaa kovu, na wagonjwa wengi hawasumbuki, lakini baadhi hubaki na maumivu wakipanda ngazi au kupiga magoti. Mtu anayefanya kazi ya magoti, kwa mfano fundi vigae, alizungumze hili na daktari kabla ya kutia saini.

Juma: Ndugu wa damu anaweza kutoa kipande badala yangu?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, aliye hai hachukuliwi. Katika nchi zenye benki za tishu hutumika kipande kutoka kwa marehemu, hasa kwa mashimo makubwa sana, lakini chembe zake huhifadhiwa hai kwenye ubaridi kwa takribani wiki nne tu.

Mama Tumaini: Supu ya kongoro inaweza kuziba shimo hilo?

Jibu: Supu hiyo ni chakula kizuri kwa mtu anayepona, lakini tumbo huimeng'enya kama nyama nyingine, na haiendi kifundoni kuwa gegedu. Kuacha sigara kutausaidia mfupa wake kuunga kuliko supu yoyote.

Bi. Zuhura: Nyumbani kwetu choo ni cha kuchuchumaa, na mume wangu anataka kuswali kama zamani. Afanyeje?

Jibu: Kwa miezi mitatu ya kwanza, bibi, tumieni kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati juu ya tundu la choo, naye aswali akiwa ameketi kitini. Baadaye kuchuchumaa kujaribiwe mbele ya mtaalamu kwanza, akishikilia kitu imara, kwa sababu mkao huo hukunja kwa pamoja goti lililotoa kipande na kifundo kilichokipokea.