Kujenga kompyuta ya utafiti yenye RAM kubwa ukiwa Uganda

Watafiti wanaonijia hapa Kampala huanza na swali lilelile: ninunue prosesa gani? Mmoja anachambua vinasaba vya mihogo, mwingine virusi vinavyobebwa na mbu, mwingine mvua za ukanda wa Ziwa Victoria, lakini kilichowakwamisha ni kimoja. Kazi imekwenda siku tatu, kisha skrini ikaandika neno Killed, na matokeo hakuna. Neno hilo halihusiani na kasi ya prosesa. Mara nyingi maana yake RAM, yaani memori ya kazi ya kompyuta, imekwisha, na mfumo wa Linux umeiua programu iliyoshika memori nyingi ili mashine yenyewe isigande.

Nitafuata mpangilio ninaoutumia mwenyewe kwa mashine za GB 128 hadi TB 1. Prosesa itakuja hatua ya nne.

Hatua ya 1: Pima kazi yako

Usikisie. Chukua sehemu ya kumi ya data yako, uiendeshe kwenye laptopu uliyo nayo kwa amri hii:

/usr/bin/time -v programu_yako

Andika njia nzima hivyo hivyo, kwa sababu neno time peke yake huita amri nyingine isiyoelewa -v. Kazi ikiisha, tafuta mstari wa Maximum resident set size. Namba iliyopo ni ya kilobaiti. Igawanye kwa milioni moja upate takriban GB. Hicho ndicho kilele cha memori. Kazi hufia kwenye kilele, kwa hiyo wastani usikushughulishe.

Rudia kwa asilimia 20, kisha 40, uziandike namba zote tatu kwenye karatasi. Data ikiongezeka mara mbili na RAM nayo mara mbili, hesabu ni nyepesi. RAM ikiongezeka mara nne, programu yako inajenga jedwali la kila kimoja dhidi ya kila kimoja, na hapo mambo hubadilika kabisa. Jedwali la undugu wa mimea 20,000, kila namba ikichukua baiti 8, ni GB 3.2. La mimea 100,000 ni GB 80, na programu ya takwimu ya R ikilinakili mara moja tu katikati ya hesabu, umeshafika GB 160.

Dada mmoja mtafiti alitaka nimjengee mashine ya GB 64. Laptopu yake ya GB 16 ilikuwa imemaliza robo ya data kwa shida, kwa hiyo alizidisha kwa nne. Tulipopima, kazi yake ilikuwa ya aina hiyo ya pili: data mara nne, memori mara kumi na sita. Alihitaji GB 256. Angelipa hela zote za ruzuku yake kwa mashine isiyoweza kumaliza kazi.

Programu nyingine zina kiwango kinachojulikana. STAR, inayopanga vipande vya RNA kwenye jenomu, huomba karibu GB 30 kwa jenomu ya binadamu hata kama una sampuli moja. Ukishapata kilele, ongeza theluthi moja juu yake kwa ajili ya mfumo na data ya mwakani.

Kabla hujatoa hela, jiulize pia kama namba zako zinaweza kuhifadhiwa kwa baiti 4 badala ya 8. Mara nyingi zinaweza, na umepunguza nusu bure. Na kama chuo chako kina nafasi kwenye seva za mbali, itumie, ila pigia hesabu intaneti: kutuma TB 2 kwa laini ya megabiti 50 kwa sekunde, bila kukatika, ni zaidi ya siku tatu na nusu.

Hatua ya 2: Chagua mazabodi kwa sloti na chaneli

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko penginepo. RAM utaongeza, diski utabadilisha, lakini mazabodi, yaani bodi kuu inayobeba vipuri vyote, ikiwa ndogo utanunua mashine nyingine.

Sloti ni mahali pa kuchomeka vipande vya RAM. Chaneli ni barabara kati ya RAM na prosesa. Kompyuta ya mezani ya kawaida ina sloti nne lakini chaneli mbili tu, hata ukiijaza. Barabara moja ya DDR4-3200 (RAM ya kizazi cha nne; namba ya mwisho ni kasi yake) hupitisha GB 25.6 kwa sekunde, kwa hiyo mbili ni 51.2. EPYC, prosesa ya seva ya AMD, ya kizazi cha 7003 ina chaneli nane, yaani GB 204.8 kwa sekunde kwa RAM ya aina ileile. EPYC 9004 ina kumi na mbili za DDR5-4800, jumla GB 460.8. Kwa kazi inayosoma jedwali kubwa tangu mwanzo hadi mwisho, tofauti hiyo utaiona kwa saa nzima nzima.

Barabara isiyo na RAM ni barabara iliyofungwa. Mashine ya chaneli nane iliyochomekwa vipande viwili vya GB 64 ina GB 128, lakini inatembea kwa robo ya kasi yake. Vipande vinane vya GB 16 vinatoa GB 128 zilezile kwa kasi kamili. Tatizo ni kwamba kama mazabodi ina sloti nane tu, umeshazijaza zote, na siku ya kuongeza itabidi uvitoe vyote. Ushauri wangu: tafuta mazabodi ya chaneli nane yenye sloti kumi na sita, ujaze nane, uache nane kwa ruzuku ijayo. Ukipata ya sloti nane peke yake, jibane ununue vipande vikubwa mara moja.

Kama kilele chako hakizidi GB 128, kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Ryzen (ya AMD) au Core (ya Intel) inatosha, na sioni sababu ya kukusukumia seva. Jua tu kwamba kujaza sloti zote nne za DDR5 kunashusha kasi. Kwa Ryzen 7000, AMD yenyewe inaahidi kasi ya 5200 kwa vipande viwili na 3600 kwa vinne. Viwili vikubwa ni bora kuliko vinne vidogo.

Katikati ya hapo kuna mashine zilizotumika, na mimi nazipenda. HP Z840 ina sloti 16 na nafasi ya prosesa mbili za Xeon, ambazo ni za seva za Intel. Lenovo ThinkStation P520 ina sloti nane na prosesa moja. Zinapatikana, RAM yake ya DDR4 inapatikana, na zilitengenezwa kufanya kazi usiku na mchana. Kwenye mashine ya prosesa mbili, kumbuka kila prosesa ina RAM iliyo upande wake: gawanya vipande sawasawa, na sloti za prosesa isiyokuwepo hazifanyi kazi.

Hatua ya 3: Aina ya RAM

Kipande cha RAM cha aina ya UDIMM ni cha kompyuta ya kawaida, cha RDIMM ni cha seva, na hazichanganywi. Niliwahi kununua vipande vinne vya RDIMM kwa mazabodi ya mezani kwa sababu bei ilikuwa nzuri na muuzaji alinihakikishia vitakubali. Vilikuwa vya DDR4, viliingia vizuri kwenye sloti, na mashine haikuwaka. Hela haikurudi. Soma orodha ya RAM zilizopimwa na mtengenezaji wa mazabodi kabla ya kwenda dukani, na uende nayo.

ECC kwangu si anasa. Ni RAM inayogundua biti iliyogeuka na kuirekebisha. Ukiwa na GB 256 zinazofanya kazi wiki nzima, biti moja ikigeuka bila kuonekana inaweza kukupa matokeo yasiyo ya kweli, nawe ukayachapisha. Utaambiwa kwamba DDR5 zote zina ECC. Ile iko ndani ya chipu tu. Data ikiwa njiani kwenda kwenye prosesa haina mlinzi. Ulizia ECC kamili, na uhakikishe mazabodi nayo inaikubali.

Hatua ya 4: Prosesa

Sasa gawanya RAM kwa idadi ya kori, yaani vitengo vya hesabu vilivyo ndani ya prosesa. Kori 64 zenye GB 128 ni GB 2 kwa kila kori, na programu nyingi za jenomu zitashindwa kuzitumia zote kwa pamoja. Kwa hesabu hiyo, kori 16 zenye GB 256 zina faida zaidi. Kadi ya michoro iwe ya kawaida kabisa, isipokuwa programu yako inaitumia.

Hatua ya 5: Diski ya kazi

Weka NVMe, yaani diski ya kasi isiyozunguka, ya TB 2 kwa faili za muda na diski kubwa za kawaida kwa hifadhi. Usitegemee diski ichukue nafasi ya RAM. NVMe nzuri hujibu kwa makumi ya maikrosekunde, RAM kwa sehemu ya kumi ya maikrosekunde moja.

Hatua ya 6: Umeme, radi na vumbi

Kampala na ukanda wa ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na umeme hukatika na kupanda bila taarifa. Bajeti isiyokuwa na UPS (betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika) kwangu haijakamilika. Nunua inayotoa wimbi safi la sine, na usome wati, usidanganywe na VA: UPS ya VA 1500 inaweza kubeba wati 900 tu. Unganisha waya wake wa USB na usakinishe programu ya NUT, ili betri ikikaribia kuisha mashine ijizime yenyewe kwa utaratibu. Mwite fundi umeme aipime erthi ya chumba. Bila erthi, kinga ya radi haina pa kuutupa umeme.

Vumbi jekundu la murramu huziba feni upesi wakati wa kiangazi. Fungua kasha kila baada ya miezi mitatu upulize.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kumalizia malipo

Ukiwasha mara ya kwanza na RAM nyingi ya DDR5, skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa mazabodi ikijifunza RAM yake. Usizime. Ikiwaka, andika sudo dmidecode -t memory uhesabu vipande, ukubwa na kasi. Kisha acha memtest86+, programu ya kupima RAM, ifanye kazi usiku mzima. Kosa hata moja, kipande kinarudi dukani, hata muuzaji akisema ni dogo.

Baada ya hapo endesha kazi yako halisi kwa amri ile ya hatua ya kwanza. Namba utakayoipata iandike kwenye karatasi pamoja na mpangilio wa sloti, uibandike ndani ya mfuniko wa kasha, ili atakayekuja kuongeza RAM asianze kukisia.