Oili ya skuta: soma chupa kwanza, usipewe tu ya bodaboda

Ukienda duka la spea ukasema nataka oili ya skuta, mara nyingi unapewa ile ile ya bodaboda, 20W-50, kwa sababu ndo inayotoka kila siku na muuzaji hana muda wa kukuuliza skuta gani. Injini haitakufa leo wala kesho, ila kuna uwezekano mkubwa siyo iliyoandikwa kwenye kitabu cha skuta yako, na kusoma chupa mwenyewe wala siyo kazi.

Anza na injini. Kama ni 2T (two-stroke, injini ya mipigo miwili), yaani Vespa za zamani na baadhi ya zile ndogo za 50cc, oili inaungua pamoja na petroli kwahiyo unanunua chupa iliyoandikwa 2T, na angalia iwe na alama ya JASO (kiwango cha oili cha Wajapani) FC au FD maana hizo zinatoa moshi kidogo. Vespa PX ambayo haina tangi lake la oili unachanganya mwenyewe asilimia 2, kwahiyo petroli lita 5 inakula oili mililita 100. Usikadirie kwa kifuniko cha soda, nunua kikombe chenye mistari.

Skuta nyingi za siku hizi lakini ni 4T (four-stroke, mipigo minne, oili inakaa ndani ya injini), na hapa ndo watu wanachanganya mambo. Geuza chupa uangalie nyuma, tafuta kiboksi kidogo kimeandikwa JASO, ndani yake kuna MA, MA2 au MB. Pikipiki ya gia klachi yake inaogelea kwenye oili ile ile ya injini, kwahiyo inahitaji oili isiyoteleza sana, hiyo ndo MA au MA2. Skuta otomatiki inaendeshwa na belti na klachi yake iko kavu pembeni, haigusi oili kabisa, ndo maana wakatengeneza MB ambayo ni laini zaidi, injini inazunguka kiulaini na petroli unaokoa kidogo. Sasa ukiweka MA kwenye skuta hakuna kinachoharibika. Balaa ni kinyume chake, ile MB iliyobaki usimpe jirani mwenye bodaboda, klachi itaanza kuteleza, injini inalia na pikipiki haipandi mlima, afu atakulaumu wewe.

Vespa ya zamani ya gia za mkononi iko tofauti tena, klachi yake iko ndani ya oili ya gia, na pale chini inawekwa SAE 30 ya kawaida, usiichanganye na ile ya 2T inayoingia kwenye petroli.

Haya, namba. Ya kwanza yenye W inaonyesha oili inavyotembea injini ikiwa ya baridi, ya pili inaonyesha uzito wake injini ikishachemka, kipimo kinachukuliwa kwenye nyuzi 100. Honda nyingi ndogo za belti zinataka 10W-30 MB, wakati Vespa za Piaggio za 4T za kisasa nyingi zinataka 5W-40 sinthetiki, kwahiyo usikubali mtu akwambie skuta zote ni oili moja. Kitabu kimepotea? Tafuta cha modeli yako mtandaoni, kurasa za mwisho kuna jedwali la oili na joto la mazingira. Kwa Dar au Unguja tofauti ya 10W na 20W asubuhi huwezi kuiona sana, ila kwa mtu wa Njombe mwezi wa saba, 20W inachelewa kupanda juu ya injini na ndo hapo vyuma vinasagana. Mimi kwenye namba ya pili ningepanda kwenda 40 kama injini imechoka na inakula oili, na jedwali liwe linaruhusu. 50 kwenye skuta ndogo sioni sababu.

Halafu kuna herufi za API, kiwango cha ubora cha Wamarekani. Zinazoanza na S ni za petroli, SJ, SL, SN na kuendelea, kadri herufi ya pili inavyosogea mbele ndo kiwango kipya zaidi. Chupa yenye herufi zinazoanza na C tu, bila za S, ni ya dizeli, iache hapo hapo dukani.

Kiasi nacho kinaumiza wengi. Skuta nyingi za 110 na 125 hazimalizi lita moja, na fundi akishafungua chupa anapenda kuimiminia yote. Ikizidi inatoa povu na nyingine inapandia kwenye chujio la hewa. Simamisha skuta kwenye stendi ya katikati, chini pawe sawa, futa kijiti cha kupimia, kirudishe, toa usome. Honda unakitumbukiza tu bila kukizungusha, nyingine unafunga kabisa, kwahiyo fuata kitabu maana usomaji unabadilika.

Wakati wa kumwaga, zile zenye kifuniko kikubwa pembeni chini ukifungua kinadondoka na springi na wavu. Usiutupe wavu, ndo chujio lenyewe hilo, uoshe kwa petroli urudishe, na oringi (ile pete ya mpira) ikiwa imekuwa ngumu badilisha. Kaza kistaarabu, pale ni alumini, uzi ukikatika utatafuta fundi wa kuchonga.

Na mwambie fundi aangalie oili ya gia ya tairi la nyuma, ina boliti yake peke yake na haihusiani na ya injini, kiasi chake ni kidogo tu, nyingi ziko kwenye mililita 100 hivi. Hiyo ndo inayosahaulika miaka mpaka tairi linaanza kulia.